Saa ya Salamu Iliyofutwa: Kisa cha Redio Moja ya Nakuru na Majina Yake Matatu

Kituo hiki kiko Nakuru na bado kiko hewani, kwa hivyo sitakitaja kwa jina lake la sasa wala kwa yale mawili yaliyotangulia. Masafa hayajabadilika tangu siku ya kwanza. Kampuni yenye leseni ni ile ile, na mlingoti umesimama pale pale. Kilichobadilika ni jina, nembo, kaulimbiu, muziki, lugha ya watangazaji, na mara mbili karibu watangazaji wote. Mimi nimekaa dawati la mauzo ya matangazo katika awamu zote tatu. Dawati hilo linakuonyesha redio kwa upande ambao studio haiuoni: unajua nani analipa, nani ameacha kulipa, na anapoacha anasema nini. Naandika kwa sababu nawasikia wenye vituo vingine, hapa kwetu na hata Kisumu na Kakamega, wakipanga kubadilisha sura za redio zao kwa hoja zile zile tulizopewa sisi.

Menejimenti inashikilia kwamba jina la pili halikushika. Mimi naona jina lilikuwa na lawama ndogo tu. Kituo kilivunjika siku kilipofuta kipindi cha salamu, na yote yaliyofuata, jina la tatu likiwemo, yalikuwa kutafuta namna ya kuziba pengo hilo bila mtu kulitaja.

Nianze na redio ilivyokuwa. Nakuru ilikuwa bado haijapewa hadhi ya jiji. Jina la kituo lilikuwa fupi, la Kiswahili, na vipindi vilifuata siku ya mtu anayeamka mapema kwenda kutafuta. Alfajiri zilisomwa bei za soko: gunia la viazi vya Molo na Mau Narok, mahindi ya Rongai, kabeji na karoti, kama zilivyoamkia soko la Wakulima. Saa 1 asubuhi habari. Baadaye rhumba na zilizopendwa, mchana benga na nyimbo za dini kwa zamu. Saa 7 mchana na saa 1 jioni yalisomwa matangazo ya vifo. Na kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, zilikuwa salamu.

Asiyewahi kukaa karibu na kipindi cha salamu hukiona kama njia ya kujaza muda: mtu anasoma majina, anaweka wimbo, anasoma majina tena. Hata ndani ya kituo walikuwepo waliokiona hivyo. Ukikaa mapokezi siku moja tu ungeona mambo mengine. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake, mahali alipo, watu anaowasalimu na wimbo anaoutaka, kisha akaileta mwenyewe au akamkabidhi kondakta wa matatu aifikishe mjini. Simu za mkononi zilipoenea, ujumbe mfupi ulijiunga na kadi, lakini kadi hazikuisha. Mashabiki wakubwa walikuwa na majina ya hewani, yale ya fahari yanayotajwa kwa kuvuta pumzi. Mtangazaji aliujua mwandiko wa kila mmoja. Alijua nani amefiwa, nani amejifungua, nani mtoto wake anafanya mtihani, na shabiki akinyamaza wiki nzima aliulizwa hewani yuko wapi. Jibu lilikuja jioni ya pili, mara nyingi kupitia jirani.

Watu hao walikuwa wamejipanga. Vikundi vyao vilikuwa na mwenyekiti na mweka hazina. Walichangiana matanga na karo, na walitembeleana kutoka Kaptembwo hadi Elburgon, kutoka Free Area hadi Gilgil, watu ambao bila redio wasingekuwa na sababu ya kujuana. Mjaluo wa Bondeni alimsalimu Mkikuyu wa Bahati na Mkalenjin wa Rongai, kwa Kiswahili, kwa majina ya utani yasiyobeba kabila. Nakuru ni mji ambao Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani waligeukiana kwa mapanga na mishale. Kipindi kilichowakalisha watu wale wale pamoja kila jioni kwa saa mbili kilistahili heshima zaidi ya ile tuliyokipa.

Kwa upande wa mauzo, hesabu yake ilikuwa rahisi. Baada ya kipindi cha asubuhi, hakuna muda uliogombewa kama wa salamu. Wateja wangu walikuwa duka la pembejeo, saluni, chuo cha kompyuta, sacco ya matatu, muuza vifaa vya ujenzi, mama mwenye hoteli karibu na stendi. Hawakuniuliza takwimu za usikilizaji hata siku moja, maana redio ilikuwa wazi pale kaunta na walisikia wenyewe. Mwenye duka alisikia tangazo lake likifuata salamu za mteja wake, na kesho yake mteja akaingia akiwa na mazungumzo tayari. Walilipa kidogo, kwa M-Pesa, mwezi baada ya mwezi, na wengine walikuwa wakinipigia kabla sijawapigia. Mishahara ya kituo ilitoka kwa watu hao.

Kisha alikuja mwekezaji, na pamoja naye mpango. Sitaki kuufanya mpango huo uonekane wa kijinga, kwa sababu haukuwa. Nairobi ilikuwa imeshaonyesha kwamba redio ya vijana wa mjini inaweza kuwa biashara kubwa: Capital FM ilianza 1996, Kiss ikafuata mwaka wa 2000, na gumzo la asubuhi kuhusu ndoa na mapenzi, kwa namna ya Maina Kageni na mwenzake King'ang'i kwenye Classic 105, lilikuwa limeteka nchi. Mwekezaji alisema kituo chetu kinaongea na wazee na wakulima, ilhali fedha za kampuni za simu, benki na vinywaji zinatafuta watu wa miaka 18 hadi 34. Fedha hizo hupitia mashirika ya matangazo ya Nairobi. Kwa hivyo kituo kipate jina la Kiingereza, nembo ya rangi kali, nyimbo mpya, watangazaji wanaochanganya Kiingereza na Sheng, na mwendo wa kasi hewani. Salamu ziondoke, kwa kuwa zinakipa kituo sura ya shamba. Siku ya kikao hicho hakuna aliyezitetea kwa nguvu.

Aliyeona dosari ya kwanza ni fundi wa mitambo. Redio nyingi za magari huonyesha jina la kituo kwenye kioo kupitia mfumo wa RDS, na nafasi ya jina ni herufi 8 tu. Jina jipya lilizidi. Kwenye kioo lilikatika katikati likawa kipande kisichosema lolote, na baadaye likapangwa lijitokeze kwa vipande viwili vinavyopokezana. Hilo ni dogo, lakini mwenye matatu anayebofya kutafuta kituo anasoma kioo kwa jicho moja huku lingine likiwa barabarani. Kabla ya kumlipa msanii wa nembo, kituo kingemuuliza fundi wake.

Dosari ya pili ilihusu utafiti wa usikilizaji, ambao ndio mashirika ya Nairobi huutazama. Utafiti wa aina hiyo hutegemea kumbukumbu. Mtu anapigiwa simu au anapewa daftari, anaulizwa jana alisikiliza redio gani, saa ngapi. Kituo hupata alama kwa jina linalotajwa. Msikilizaji wetu wa Njoro, hata yule aliyebaki, akiulizwa alitaja jina la zamani, kwa kuwa ndilo alilolizoea. Kwa hivyo jina lilipobadilishwa ili kuwavutia wanunuzi wa matangazo, hata wasikilizaji tuliokuwa nao walifichika machoni pa wanunuzi hao. Kituo kingeweza kutaja majina yote mawili pamoja kwa muda mrefu, la zamani likibeba jipya mpaka lisimame. Sisi tulipigwa marufuku kutamka la zamani hewani tangu siku ya uzinduzi.

Na bado nasema jina si kiini cha kisa hiki, na ushahidi wangu ninautoa kwenye redio yetu kuu kabisa. Voice of Kenya (VoK) ilikuja kuwa KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, mwaka wa 1989 kwa sheria ya Bunge. Jina la taasisi nzima lilibadilika, na wasikilizaji hawakwenda popote. Tuliwasikia wazee wakiendelea kusema VoK miaka mingi baadaye huku wakisikiliza KBC bila shida yoyote. Sababu naiona kwenye ratiba. Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka wa 1966, na kikavuka mabadiliko ya 1989 kikaendelea kwa miongo mingine. Habari zilibaki kwenye saa zake, na matangazo ya vifo pia. Mtu aliyewasha redio saa aliyoizoea alikuta sauti aliyoizoea, basi jina likawa kazi ya wenye ofisi.

Upande wa pili kuna Nation FM ya Nairobi. Iligeuzwa ikawa Easy FM, baadaye ikarudishiwa jina la Nation FM, na katikati ya 2016 kampuni ikaifunga pamoja na QFM, kituo chake cha Kiswahili. Nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa kuliko yetu mara nyingi, yenye magazeti na televisheni za kuitangaza. Jina la zamani liliporudi, wasikilizaji hawakurudi nalo kwa wingi wa kuiokoa. Mwekezaji wetu alizijua redio za Nairobi zilizofaulu. Hizi zilizokwama hazikuwa kwenye mpango wake.

Nirudi kwetu. Salamu zilifutwa siku ya Ijumaa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hazikuagwa. Jumatatu saa 10 jioni watu walifungua redio wakakuta muziki wa kasi na sauti ngeni. Kadi zililetwa kwa siku kadhaa, zikarundikana mapokezi. Halafu mashabiki wakafanya ambalo watu waliojipanga hufanya: walikutana, wakachagua kituo kingine kinachosoma salamu, wakahamia huko kwa kikundi. Hapa ndipo redio inapotofautiana na duka. Mteja wa duka huondoka peke yake, ila shabiki wa salamu alipoondoka aliwachukua wote aliokuwa akiwasalimu, kwa kuwa nao walitaka kusikia majina yao yakitajwa.

Vijana tulioahidiwa hawakuja kujaza nafasi hiyo. Nilikuwa naingia matatu za Kenyatta Avenue na za Njoro nikisikiliza nini kinachezwa. Madereva vijana walicheza michanganyiko ya ma-DJ kutoka kwenye simu au flashi, wimbo juu ya wimbo, bila mtu kukatiza kusema saa ngapi. Kijana wa Milimani au mwanafunzi wa Egerton mwenye bando alikuwa na muziki wote mkononi. Aliyetaka mzaha na gumzo la asubuhi alikuwa nalo tayari kutoka Nairobi: vituo vikubwa vina mitambo ya kurushia hapa, na mwenye kutaka watangazaji Gidi na Ghost alifungua Radio Jambo akawapata wenyewe. Sisi tulimpa nakala. Watangazaji wetu wapya walikuwa na vipaji, sitawasingizia, lakini walizungumzia msongamano wa barabara za Nairobi kwa mtu aliyekwama kwenye mzunguko wa KFA hapa Nakuru.

Wateja wangu waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Muuza pembejeo alisema wateja wake hawamwambii tena wamemsikia. Mama wa hoteli alinikaribisha chai kama kawaida na kuniambia hawezi kulipia redio ambayo yeye mwenyewe ameizima. Wale wa Nairobi tuliowabadilishia kila kitu walitazama ramani ya usikilizaji, wakaona kituo cha mji mmoja, wakanunua mitandao inayosikika nchi nzima. Kwa bei ya kila msikilizaji walipata nafuu kwingine, na kama ningekuwa kwenye viti vyao ningefanya hivyo hivyo. Kituo cha jiji moja kinaishi kwa wenye maduka wa jiji hilo. Hilo tulilijua kwa miaka, tukakubali kuambiwa vingine na mtu aliyekuja na picha nzuri ukutani.

Fedha zilipopungua kilifanyika kikao ambacho nadhani ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote. Lilitolewa pendekezo kituo kigeuke cha lugha moja ya mama. Hoja yake ya kibiashara ilikuwa na nguvu. Redio za lugha za mama zina wasikilizaji waaminifu mno: Inooro na Kameme kwa Kikuyu, Kass na Chamgei kwa Kikalenjin, Ramogi kwa Kijaluo, Mulembe kwa Kiluhya, Egesa kwa Kigusii. Zinafanya kazi kubwa. Mkulima anaelezwa ugonjwa wa mahindi kwa lugha anayoiota, na bibi yangu mwenyewe hakuwahi kusikiliza nyingine.

Lakini kila aliyekuwa mle chumbani alijua ni lugha ipi ingechaguliwa, kwa sababu ingetokana na nani ana maduka mengi katikati ya mji. Na kila mtu alijua nusu nyingine ya mji ingesikia nini katika uamuzi huo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilieleza jinsi baadhi ya redio za lugha za mama zilivyolalamikiwa kwa kueneza chuki wakati wa uchaguzi. Mtangazaji mmoja mzee, aliyekuwa amebaki kusoma vifo tu, alisimama akasema kwamba familia zinazoleta matangazo ya vifo kwetu ni za makabila yote, na akauliza tukigeuka ni nani ataambiwa apeleke marehemu wake kwingine. Pendekezo halikupigiwa kura. Naliona jambo hilo kuwa bora kuliko yote kituo kilichofanya katika miaka ile, ingawa halikuingiza hata shilingi.

Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji, na menejimenti ikaona nafasi. Jina la tatu lilibuniwa likibeba ujiji huo, Kiswahili kikarudi, zilizopendwa zikarudi. Mabango yaliwekwa barabara ya kuelekea Nairobi. Uzinduzi ulikuwa na fahari ya kweli ndani yake, kwa sababu watu wa Nakuru waliipenda siku ile, na kwa wiki kadhaa simu zilipigwa kama zamani. Wateja wangu wachache walirejea kujaribu.

Salamu nazo zilirudishwa, ila zilirudishwa kwa namna iliyonivunja moyo. Zilipewa nusu saa, saa 4 usiku. Kadi hazikuwepo, msikilizaji alituma ujumbe kwa nambari fupi inayokata fedha zaidi ya ujumbe wa kawaida. Mtangazaji aliagizwa asome majina matatu kwa kila salamu, asimuulize mtu habari, arudi kwenye muziki. Mpangilio wa nyimbo ulishikiliwa na kompyuta, kwa hivyo aliyeomba wimbo hakuupata. Shabiki wa zamani alituma mara moja, akasikia jina lake likisomwa kwa haraka na mtu asiyemjua, hakutuma tena. Ripoti ya ndani ikasema salamu zimepitwa na wakati. Mimi nasema kilichojaribiwa hakikuwa salamu. Wafanyakazi wa mashamba ya maua na wenye vibanda wako macho na radio zao saa 10 jioni. Saa 4 usiku wamelala, maana wanaamka alfajiri.

Kuna jambo la mitambo pia ambalo halijapata nafasi katika awamu yoyote. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na nchi yetu ni ya kuinuka na kushuka. Ukivuka nyuma ya Menengai kuelekea Subukia sauti yetu inakoroma na kupotea. Upande wa Molo inategemea umesimama wapi. Mashabiki wengi wa salamu walikuwa huko huko pembezoni, wakitusikiliza kwa waya ulioning'inizwa dirishani. Gharama ya mabango na sherehe za uzinduzi ingetumika kwenye antena, watu hao wangesikia kitu. Kila sura mpya ilitangazwa kwa nguvu mahali ambapo tayari tulisikika vizuri.

Hali ya sasa ni hii. Asubuhi kuna kipindi kizuri cha mambo ya jiji: maji, taka, ushuru wa soko, matatu kuondolewa katikati ya mji. Mtangazaji wake ni kijana wa hapa aliyelelewa Section 58, anajua kila kona, na maafisa wa kaunti wanampigia simu kujieleza. Kipindi hicho kimeanza kujiuzia matangazo chenyewe. Jina la tatu limeanza kutamkwa na makondakta bila kusahihishwa. Vifo bado vinasomwa saa 7 na saa 1, jambo pekee ambalo hakuna mwekezaji aliyethubutu kuligusa, na ndiyo maana bado kuna nyumba ambazo redio haijawahi kuhamishwa kutoka kwetu.

Sasa kuna mazungumzo ya nembo mpya na kaulimbiu nyingine. Nimepeleka maoni yangu kwa maandishi. Jina la tatu liachwe lilivyo, kwa kuwa kulibadilisha mara ya nne kutawafuta hata hawa waliolizoea. Bajeti ya nembo iende kwa fundi kwa ajili ya Subukia na Molo. Salamu zirudi saa 10 hadi saa 12 jioni, kadi zichapishwe tena na ziuzwe hata kwenye maduka ya wateja wetu, ujumbe wa simu utozwe bei ya kawaida, na kipindi apewe mtangazaji mwenye ruhusa ya kuuliza habari za watu na kungoja majibu. Nimeomba pia watafutwe wenyeviti wa vile vikundi, waitwe kituoni na waombwe radhi kwa namna walivyoondolewa bila kuagwa. Wawili kati yao bado wana namba yangu ya simu. Menejimenti imesema italijadili baada ya kupata takwimu za robo hii.